Mama Nadège, fundi anayepima ngazi kwa beseni la maji

Saa moja asubuhi, ukungu bado haujaachia vilima vya Kasulu, na Consolée Ininahazwe anapanda ngazi akiwa na beseni la maji kichwani.

Beseni limejaa hadi mdomoni. Chini yake kuna ngata ya kitenge. Mikono yake inaning'inia ubavuni kama ya mtu anayekwenda kumsalimia jirani, na macho yako mbele, kwenye ukuta wa ghorofani ambao bado unanuka rangi. Hatazami miguu hata mara moja.

Katikati ya ngazi tone linamdondokea begani. Anasimama. Anarudi kinyumenyume kidato kimoja, anachuchumaa taratibu bila kulishika beseni, anatoa chaki mfukoni na kuchora msalaba pale alipokanyaga. Kisha anainuka na kuendelea kupanda, kama vile hilo alilofanya ni jambo ambalo kila mtu hulifanya kabla ya chai.

"Hapo pana kitu," anasema akishatua beseni juu. "Maji hayana upendeleo. Mimi naweza kujidanganya. Pima maji naweza kuisoma vibaya nikichoka. Lakini maji yakitikisika, ujue mguu umeshtuka."

Anashuka na pima maji na ubao wake ulionyooka. Anapima, anaguna, anapima tena. Kidato chenye msalaba kimewazidi wenzake kwa milimita tatu hivi. Kwa mtu mwingine hizo si chochote. Consolée anachukua jiwe la kusugulia, anapiga magoti na kuanza kulisaga lile zege huku akiimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya chini.

Ana haraka leo. Saa nne wanawake wa ushirika wa Terimbere wanakuja na mizigo yao, na ngazi hii ndiyo itakayoamua kama ghorofa waliyoijenga kwa jasho lao wataitumia wenyewe au wataipangisha kwa mtu mwingine.

Consolée, ambaye Kibondo na Kasulu wanamwita Mama Nadège kwa jina la binti yake wa kwanza, ana umri wa miaka arobaini na minne. Anaishi Kitahana, wilayani Kibondo, na mumewe Venanti, mkulima wa maharage na mihogo. Ni fundi mwashi, lakini si wa kila kitu. Ukimwomba ajenge ukuta atakuelekeza kwa mwenzake. Yeye hujenga ngazi tu.

"Ukuta unasimama, haupandwi," anasema. "Ukiupotosha kidogo utaupiga plasta na hakuna atakayejua. Ngazi ukiipotosha, kila atakayepita atakusema. Mimi napenda kazi inayosema." Anacheka, na kicheko chake kinajaa jengo lote. Mama Nadège si mtu wa kujishusha, na mwandishi wa makala haya hakuona sababu ya kumtaka ajishushe.

Ili kuelewa beseni lile, lazima kwanza uelewe namna watu wa milima hii wanavyobeba mzigo. Ukikutana njiani na mwanamke aliyejitwika mkungu wa ndizi, mikono yake ina shughuli nyingine kabisa: imeshika simu, inamenya muwa, au inamtishia mtoto aliyebaki nyuma. Anayeshikilia mzigo kwa mkono ni anayejifunza. Na anayetazama miguu yake naye ni anayejifunza. Mwanamke mzima hatazami chini. Kwanza ataonekana kama msichana wa juzi, pili mzigo wenyewe utaanguka.

Kwa hiyo huku mguu unakwenda wenyewe. Na mguu, ukiwa kwenye ngazi, una tabia yake.

"Mguu ukishapanda vidato viwili, umekariri," anaeleza mhandisi Hilali, kijana mpole mwenye kofia ya njano, ambaye ndiye aliyechora jengo la Terimbere. "Baada ya hapo hauulizi tena. Unajua kidato kinachofuata kiko wapi. Kikiwa juu kidogo, ncha ya kiatu inagonga. Kikiwa chini kidogo, unakanyaga hewa."

Hilali anasema ngazi nzima inasimama juu ya vipimo viwili. Kuna kimo cha kidato, ambacho mafundi wengi hukiita raiza, na kuna kikanyagio, yaani pale mguu unapotua, ambacho wao hukiita tredi. Kwenye michoro yake ya majengo yanayoingiwa na watu wengi, kimo hakizidi sentimita kumi na saba na nusu, na kikanyagio hakipungui ishirini na nane, ili unyayo wote upate pa kukaa.

"Lakini hiyo ni nusu ya kanuni," anaongeza. "Nusu ya pili ni kwamba vyote vilingane, cha kwanza hadi cha mwisho. Ngazi yenye vidato virefu inakuchosha. Ngazi yenye kidato kimoja tofauti inakuangusha."

Terimbere walikuwa nayo hiyo ya pili.

Ushirika huo ni wa wanawake wauza vyakula, Waha wa vijiji vya jirani, wanawake wa Ujiji, na wengine ambao wazazi wao walivuka kutoka Burundi na leo ni raia wenye vitambulisho vyao. Kwa miaka mingi waliuza chini, kwenye tope. Mvua za Kasulu zinajulikana. Unga ulilowa, dagaa walioza, wateja walivua viatu. Wakaamua kujenga jengo lao la ghorofa moja: chini ndizi na mboga, juu nafaka, dagaa, mawese na mgahawa. Juu ndiko kukavu, na juu ndiko walikokutamani.

Walijenga kama wanavyojenga wengi huku, yaani kwa mavuno. Msimu huu msingi, msimu ule kuta. Ngazi ya zege ilimwagwa jengo likiwa na sakafu mbichi, ya kokoto na zege, bila urembo wowote. Hilali akaja, akapima, akakuta vidato vyote vimelingana kwa sentimita kumi na saba. Akapeana mikono na fundi aliyeimwaga, akaenda zake kwenye kazi nyingine. Hakukuwa na kosa hata moja.

Kisha yakaja maharage. Mwaka ule yalikubali, na wanawake wakasema sasa sakafu. Chini wakamwaga sakafu nene ya nilu, yaani saruji iliyolainishwa, sentimita sita, ili maji ya barabarani yasiingie. Juu wakaweka marumaru nyeupe, na pamoja na udongo wake wa saruji zikainua sakafu kwa sentimita nne. Zilipendeza. Watu waliingia kuziangalia tu. Ngazi ikabaki vilevile ilivyokuwa, kwa kuwa fedha ya mavuno iliishia kwenye marumaru.

Hapo ndipo ngazi ilipoharibika bila mtu kuigusa. Kidato cha kwanza, kilichomezwa na sakafu mpya, kikabaki na kimo cha sentimita kumi na moja. Kidato cha mwisho, chini ya marumaru, kikapanda hadi ishirini na moja. Katikati mambo yalikuwa shwari kabisa. Mguu ulikariri kumi na saba njia nzima, halafu mwishoni, mtu akiwa amekwisha kujiona amefika, unagonga.

"Ni kosa la huku kwetu," anasema Consolée. "Nimelikuta Kibondo, nimelikuta Murungu, nimelikuta kwa mchungaji na kwa mwenye baa. Watu wanahamia nyumba kwanza, sakafu inakuja na mavuno. Lakini ngazi inahesabu sakafu, hata ile ambayo bado iko shambani."

Wafanyabiashara wa Terimbere walikipa kidato kile jina. Walikiita Mtoza Ushuru, kwa sababu hakuna aliyepita pale bila kuacha kitu. Huyu aliacha nyanya, yule trei la mayai. Wengine walianza kusema ngazi ina mkosi, na mzee mmoja wa kanisa akaletwa kuiombea. Aliiombea vizuri sana. Wakati wa kwenda kuombea ghorofani akajikwaa.

Halafu akaanguka Siti.

Siti ni muuza mawese, mzaliwa wa Ujiji, mwanamke mnene wa maneno na mwepesi wa hasira na msamaha. Siku hiyo alikuwa amejitwika ndoo ya mawese ya lita ishirini, akiwa anapanda na kujibishana na mteja aliyekuwa nyuma yake. Kidole cha mguu kikagonga Mtoza Ushuru. Ndoo ikatangulia mbele, Siti akarudi nyuma.

"Wanasema kuteleza si kuanguka," anasimulia leo, akipapasa mkono wa kushoto uliovunjika siku ile. "Sasa mimi sikuteleza, nilianguka. Mawese yalishuka ngazi vizuri kuliko mimi. Nilipofika chini nilikuwa mwekundu mwili mzima, watu wakadhani ni damu, wakalia. Nami nikawaona wanalia, nikadhani nimekufa."

Anacheka anaposema hivyo, kisha sauti inabadilika. "Usiku nilikuwa naota ile ngazi. Wallahi naogopa kusema, mtu mzima mimi. Nilikuwa naiota."

Baada ya hapo hakuna aliyepanda na mzigo. Meza za juu zilibaki tupu, marumaru zikashika vumbi, na wanawake wakarudi kwenye tope lao. Mafundi watatu waliitwa. Wote walisema jambo moja: bomoeni ngazi, mmwage nyingine. Ushirika haukuwa na uwezo huo. Mfanyabiashara mmoja wa nafaka akasema yuko tayari kuipanga ghorofa yote iwe ghala lake. Yeye ana vijana wa kubeba na haogopi ngazi. Wanachama wengi walikwisha kuinua mikono kukubali.

Habari za Mtoza Ushuru zilifika Kibondo kwa njia ya mabasi, kama zinavyofika habari zote. Consolée alizisikia stendi. Wiki iliyofuata alikuwa Kasulu, mbele ya jengo la Terimbere, akiazima beseni la mama lishe.

"Tulimwona mwanamke hatumjui, anajaza maji, anajitwika, anapanda," anakumbuka Siti. "Nikamwambia, dada, huko usiende. Hakunisikia. Kufika juu, chwaa! Akalowa chapachapa. Akasimama pale anatiririka maji, anacheka. Nikajua huyu ama ana wazimu ama ana dawa."

Alikuwa na dawa. Aliwaambia wasibomoe kitu. "Hii ngazi haijakosea," aliwaambia. "Sakafu zote mbili mmezivisha viatu, yenyewe mmeiacha pekupeku. Ivisheni."

Wengine walicheka. Wapo waliouliza mume wake yuko wapi, ndiye waongee naye. Lakini Siti, mkono ukiwa bado umefungwa kitambaa shingoni, alitaka kumsikiliza mtu aliyeloweshwa na kile kidato kilichomwangusha yeye.

Consolée alikwisha kuloweshwa na ngazi nyingi. Anasema yote yalianza Kitahana, kwenye mteremko wa kisimani, alipokuwa msichana mdogo.

Baba yake, Athanase, alivuka mpaka akiwa kijana, akapewa shamba, akaoa, akakaa. Alikuwa mrefu, na alikuwa na mapenzi ya vitendo. Mkewe Eugénie alipolalamika kuhusu mteremko wa kisimani, Athanase alichukua sururu akachonga ngazi kutoka juu hadi majini, akazipangia mawe. Kijiji kizima kilimsifu.

"Baba alichonga kwa mguu wake," anasema Consolée. "Mama akapanda kwa mguu wake, mfupi, na mtungi kichwani. Siku moja ya mvua goti halikufika. Nilikuwa nyuma yake. Nilimwona akianguka."

Eugénie hakupona vizuri. Hadi leo anachechemea, na hajawahi tena kushuka kisimani. Athanase aliishi miaka mingi baada ya siku ile bila kuzigusa zile ngazi, wala kuzirekebisha wala kuzifukia. Mzee amekwisha kufariki. "Nadhani aliona aibu," anasema binti yake. "Alitaka kumpa zawadi, zawadi ikamvunja. Hilo neno halikusemwa nyumbani kwetu. Lilikaa tu."

Ufundi wenyewe aliupatia kwenye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Ulikuwapo ujenzi wa zahanati, wakatafutwa vibarua wa kubeba zege kwa shilingi elfu saba kwa siku, na Consolée akaenda. Msimamizi alikuwa Mkongomani aitwaye Cadet, fundi mwenye sifa kambi nzima. Kwa simu, bado anamkumbuka.

"Ule mama alikuwa anapandaka na ile beton ku kichwa, kila siku," anasema Cadet, ambaye zege huliita beton na ngazi eskalye. "Siku moja akaniambia, 'Chef, ile ya tatu iko mufupi.' Mimi nikacheka. Nikaenda nikapima. Aa, kweli, ilikuwa mufupi! Nikamwambia, mama, weka ile karai chini, kamata metere. Mutu mwenye kusikia eskalye na shingo, hapana mubebesha beton tena."

Cadet alimfundisha kusuka nondo, kufunga mbao, kugawanya kimo. Alimfundisha pia kuanza kupima kwenye sakafu itakayokuwapo, si iliyopo. Beseni aliliongeza Consolée mwenyewe.

Na ameongeza jingine. Kwenye nyumba za watu, kabla ya kushika futi, huuliza ni nani mwenye mguu mfupi kuliko wote anayebeba mzigo humo ndani. Mara nyingi ni bibi. Humkalisha kwenye kigoda, akampima kwa kamba kutoka kisigino hadi goti. Kimo cha kidato kwake ni theluthi ya kamba hiyo na upana wa kidole kimoja juu yake. Hilali amewahi kuzipima ngazi alizojenga kanisani Murungu, akazikuta ziko ndani ya vipimo vyake vyote. "Mimi natumia jedwali, yeye anatumia bibi," anasema mhandisi. "Tunafika mahali pamoja. Bibi zake wanafurahi zaidi kuliko jedwali langu."

Kwa ngazi ya Terimbere wawili hao walifanya kazi bega kwa bega. Consolée alipotoa shauri la kuvisha vidato, Hilali ndiye aliyeuliza swali ambalo yeye hakuwa na jibu lake: je, ngazi itabeba uzito wa zege jipya? Alirudi kwenye michoro, akahesabu nondo, akarudi akitabasamu. Itabeba.

Kazi iliyobaki ilikuwa ya subira. Kidato cha chini kilihitaji nyongeza ya karibu sentimita sita, cha juu karibu nne. Katikati, nyongeza ya kila kimoja ilipaswa kuwa nyembamba kuliko ya kile cha chini yake kwa kiasi ambacho jicho halioni. Consolée alitengeneza ufito mmoja mrefu, akauwekea alama za ngazi nzima kutoka nilu ya chini hadi marumaru ya juu, akausimamisha ukutani. Akachokoa uso wa zege la zamani kwa patasi ili jipya lishike. Akaanza kuvisha, kidato baada ya kidato, karibu wiki mbili, huku wanawake wakipita na kumtupia maneno.

"Walinitania sana," anasema. "Mmoja akasema, 'Mama Nadège, unapaka keki?' Nikamwambia ndiyo, na siku ya kuikata utakuja na ndoo."

Utani ulikuwa na uzito nyuma yake. Mkutano wa mwisho wa ushirika ulikuwa umepitisha uamuzi mmoja, mfupi na mkali: Siti akipanda na mzigo, tunapanda wote. Siti akikataa au akijikwaa, tunapangisha. Hakuna aliyekuwa na haki zaidi ya kuamua kuliko yeye aliyevunjika. Na kwa Consolée, hii ilikuwa ngazi ya kwanza ya ghorofa kujengwa kwa jina lake mwenyewe, si chini ya fundi mwingine. Ikikataliwa, Kasulu ingemjua kwa hilo.

Sasa ni saa nne.

Jua limetoka. Uwanja umejaa. Wanawake wamekuja kama walivyoambiwa, na mizigo: magunia ya maharage, ndoo, matenga ya tangawizi, mikungu. Pembeni, kwenye kiti cha plastiki, amekaa Bibi Eugénie na fimbo yake. Alifika jana kwa basi kutoka Kibondo. Anasema alikuja kumsalimia mtoto tu, lakini amevaa kitenge cha Krismasi.

Hilali anapima kwanza, chini, katikati, juu. Anasimama na kutangaza kwamba vidato vyote vimelingana. Wanapiga makofi ya adabu. Hakuna anayesogea. Wote wanamtazama Siti.

Siti anakunja ngata. Anaikunjua, anaikunja upya. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ong'o hushtuka, na huyu si ung'ong'o anaoutazama, ni nyoka yuleyule mwenye ngozi mpya. Wenzake wawili wanamsaidia kujitwika ndoo ya mawese, imejaa.

"Mama Nadège," anaita, bila kuinua kichwa maana sasa hawezi, "nikianguka leo nakuangukia wewe."

"Niangukie," anajibu Consolée kutoka juu. "Nipo."

Siti anakanyaga kidato cha kwanza. Kisha cha pili. Mkono wa kushoto, ule uliovunjika, unaanza kuinuka kuelekea ndoo. Uwanja mzima unauona. Unafika begani, unasita, halafu unashuka tena taratibu ubavuni. Mtu mmoja chini anasema, "Ego!" yaani ndiyo, na anaambiwa anyamaze.

Anapita katikati. Mgongo umenyooka, macho mbele. Kadiri anavyokaribia juu ndivyo anavyopunguza mwendo, na uso wake unabana kama wa mtu anayesubiri sindano. Consolée amesimama kwenye marumaru, mikono nyuma, midomo imebana. Mwandishi huyu, aliyekuwa juu akijifanya hana upande, alijikuta amekunja ngumi zote mbili.

Mguu wa Siti unainuka. Unatua. Mwingine unafuata. Anatembea hatua kadhaa ndani ya ghorofa, akiinua miguu juu kupita kiasi, bado anakisubiri kidato ambacho hakiji.

"Yuko wapi?" anauliza kwa sauti ndogo. "Mtoza Ushuru yuko wapi?"

"Umeshampita," anasema Consolée.

Siti anageuka na ndoo yake kichwani, mzima, na kuitazama ngazi. Kisha anapiga kigelegele kimoja ambacho nadhani kilisikika hadi barabara ya Kibondo, na chini wanamjibu kwa vigelegele vyao, impundu juu ya impundu, na kabla mtu hajatoa ruhusa yoyote wanawake wameshaanza kupanda. Wanapanda wakiwa wamejitwika, wanapanda wakiongea, mmoja anazungumza na simu, mwingine anamenya muwa kwa makusudi kabisa. Hakuna anayetazama miguu. Maharage yanapita, tangawizi inapita, mkungu wa ndizi unapita ukiyumba kama mkia wa kuku. Hakuna nyanya hata moja inayobaki nyuma.

Consolée analia wazi, bila kujifuta. "Tazama," anamwambia kila anayefika, "tazama mlivyopanda!" Kwenye kona ya dirishani, pakavu, Siti ametua ndoo yake mezani na anamuuzia mawese mteja wa kwanza. Kuhusu ghala la nafaka, hakuna aliyeuliza tena.

Simu ya fundi imeanza kuita kabla ya saa sita. Kuna mtu wa Kibondo mjini mwenye nyumba ya wageni. Kuna parokia. Wanawake wawili wa Terimbere, waliochoka kuuza mboga, wanataka kufundishwa kazi, na Consolée amewaambia waje na mabeseni yao. Anataka kuunda kikundi cha wanawake wajenzi wa ngazi, Kibondo hadi Kasulu.

Lakini akiulizwa ngazi gani inafuata, hataji nyumba ya wageni wala parokia.

"Kisimani," anasema. "Kitahana. Kiangazi hiki, mvua zikikatika. Nitazivunja zile za baba nizijenge upya, kwa mawe yaleyale. Mawe yake ni mazuri. Alichagua vizuri. Vimo tu ndivyo vilivyokuwa vyake."

Watu wamepungua. Bibi Eugénie ameinuka kwenye kiti chake cha plastiki. Anakataa kushikwa mkono. Anaweka fimbo kwenye kidato cha kwanza, halafu mguu, halafu mguu mwingine, polepole, na binti yake anamfuata nyuma bila kumgusa. Anapofika juu hahemi sana. Anazitazama marumaru, anamtazama Siti na mawese yake, anaitazama ngazi aliyoipanda.

"Ni nzuri, mwana wanje," anasema, yaani mwanangu kwa lugha ya nyumbani kwao. Kisha anainua fimbo na kuunyooshea mguu wake mwenyewe. "Ila ile ya kisimani uijenge kwa mguu wangu. Si kwa mguu wa baba yako."

Consolée anaingiza mkono mfukoni, kule kwenye chaki, na kutoa kipande cha kamba chenye fundo mwishoni.

"Nimeshaupima, mama," anasema. "Jana, ulipokuwa umelala."